Mwenzetu Akizima, Tumwite Nani?

Mgeni aliyekuja shuleni kwetu kuzungumzia dawa za kulevya alikuwa ameshamaliza sehemu ya picha. Tulikuwa tumeonyeshwa mapafu meusi, meno yaliyong'oka, kijana aliyelala mtaroni huku nzi wakimtua mdomoni. Kidato cha Tatu walipiga kelele pale walipotarajiwa kupiga kelele. Kisha ukafika muda wa maswali, na kwa kuwa hakuna mtoto atakayesimama mbele ya mwalimu wa nidhamu kuuliza habari za bangi, tulikuwa tumeandaa boksi la karatasi zisizo na majina.

Mgeni akatoa moja, akaisoma kwenye maiki: "Mwenzetu akivuta au akila kitu halafu akazima, tumfanyeje?"

Akatabasamu. "Msivute, hatazima mtu."

Ukumbi ukaangua kicheko, naye akaingiza mkono kwenye boksi kutoa nyingine.

Lilikuwa jibu la haraka, lenye makali, na watoto walilipenda. Mimi limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, wiki kadhaa sasa. Aliyeandika ile karatasi hakuomba ruhusa ya kuvuta. Hakuuliza bangi ina ladha gani wala inauzwa wapi. Aliuliza habari za mtu ambaye tayari yuko chini, na yeye amesimama juu yake hajui aanzie wapi.

Swali la uhai na kifo, na ukumbini mle tulikuwemo walimu wa sayansi wa kutosha kulijibu.

Maziwa, limau na makofi

Nafundisha Baiolojia, kwa hiyo nikalirudisha darasani kwa njia ya pembeni. Tulikuwa kwenye mada ya upumuaji. Nikawauliza: mtu amepoteza fahamu, hujui ametumia nini, uko naye peke yako. Utafanya nini?

Mikono ikapanda mingi kuliko nilivyotegemea. Mpe maziwa. Mmwagie maji ya baridi. Mkamulie limau mdomoni. Mpige makofi hadi azinduke. Mtie kidole kooni atapike. Mmoja akasema, kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi, "Madam, unamkokota mpaka pasipo na watu, unamwacha alale. Itaisha yenyewe."

Tuanze na maziwa, maana hayo karibu kila nyumba ya Dar es Salaam inayaamini. Mtu asiye na fahamu hamezi. Ukimmiminia maziwa yanafuata njia ya hewa na kushuka mapafuni. Limau hali kadhalika. Kidole kooni kinaleta matapishi, na matapishi nayo yanarudi ndani. Makofi na maji hayagusi kilichoharibika, kwa sababu kilichoharibika mara nyingi ni pumzi. Heroini, vidonge vya usingizi kama valium, pombe: vyote vinaupooza ubongo, na ile sehemu inayoamuru mapafu yafanye kazi inasinzia pamoja na mwenyewe. Vikichanganywa ndiyo balaa zaidi. Mtu huyo atakoroma kwa sauti nzito, yenye kama maji ndani yake, na wenzake watasema heri, amelala.

Hajalala. Njia ya hewa inaziba.

Kinachotakiwa hakijazi hata nusu kipindi. Mlaze ubavu. Angalia kama mdomoni kuna kitu. Tazama kifua kinapanda na kushuka. Usimwache peke yake hata kwa dakika ya kwenda kununua maji. Tafuta gari au bajaji, maana mtu aliyelegea hapakiwi mshikaki kwenye bodaboda. Ukifika hospitali, mwambie nesi ukweli wa alichotumia.

Kuna na mengine ambayo hata mimi nilipokuwa sekondari hakuna aliyeyatamka. Bangi iliyotiwa kwenye biskuti au keki haipandi haraka kama ya kuvuta; inaweza kuchukua saa nzima, hata mbili. Mtoto anakula moja, anaona haina kitu, anaongeza mbili, na baadaye zote zinampanda kwa mpigo. Gongo yenye methanoli inalevya kama gongo nyingine. Mtu anaamka anadhani ni hangova ya kawaida, kumbe saa nyingi baada ya kunywa ndipo macho yanapoanza kuona ukungu. Mei 2014 Kenya ilizika zaidi ya watu 80 kwa pombe ya namna hiyo, na wako walionusurika wakabaki vipofu. Ukungu machoni ni wa kukimbilia hospitali. Supu ya pweza haisaidii.

Najua kuna msomaji ameshaanza kutikisa kichwa. Nitamfikia.

Huruma ya maskani

Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliandika kwenye jarida la kitabibu la BMJ kuhusu jambo walilolikuta Dar es Salaam. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakijidunga heroini walikuwa na desturi waliyoiita "fleshibladi". Mmoja akishajidunga, anavuta damu yake kwenye sirinji na kumpa mwenzake asiye na hela ya kete, ajidunge ile damu. Waliamini ndani yake kuna unga wa kutosha kumtuliza mtu arosto.

Ukisoma harakaharaka unaona wazimu. Mimi nimeisoma tena na tena na kila mara naona wanawake wanaoonewa na dunia nzima wakigawana kidogo walichonacho. Arosto si mafua: mwili wote unauma, tumbo linakatika, mtu anatetemeka juani. Mwenzake akimwona hivyo anampa alichonacho, na alichonacho ni damu. Unga unaobaki kwenye damu hiyo ni kidogo mno. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vinapita vyote, moja kwa moja hadi kwenye mshipa.

Mabango hatukukosa wakati huo. Ila bango lilikuwa linasema "acha", na wale walihitaji mtu wa kuwaeleza habari za damu.

Waliokuja kuwafikia walikwenda na maelezo hayo na sindano safi mkononi, na kelele zikapigwa kwamba wanahalalisha unga. Kisha Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini. Ikafuata Mwananyamala, halafu Temeke. Mteja anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto inakaa mbali hadi kesho yake, hana sababu ya kumkwapulia mtu simu wala kutafuta mshipa. Hakuna aliyemwambia akaache kwanza ndipo aje.

Kwa maneno mengine, serikali yetu imekuwa ikiifanya kazi ya kupunguza madhara kwa zaidi ya muongo mmoja, na imeifanya mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Inamfanyia mtu wa miaka 35 ambaye mishipa yake imeshakauka. Mtoto wa miaka 15 tunampelekea picha ya mapafu.

Afande na fulana

Huu mtindo wa mgeni mwenye picha una historia. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles, Marekani, walianzisha programu iitwayo D.A.R.E.: askari mwenye sare anaingia darasani, anafundisha watoto kukataa, mwisho wanapewa fulana na cheti. Ikaenea nchi nzima, wazazi wakaipenda, wanasiasa wakapiga nayo picha. Watafiti walipokuja kuwalinganisha waliopitia vipindi hivyo na wasiopitia, ukiwemo uchambuzi mmoja mkubwa wa 1994, tofauti katika kutumia dawa ilikuwa ndogo kiasi cha kukaribia kutokuwepo.

Fulana zilikuwa nzuri, lakini.

Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tulipitia yetu kwenye UKIMWI. Mafuvu, mifupa, majeneza. Tuliogopa kweli, tena tuliogopa hadi tukawaogopa wagonjwa wenyewe, tukawatengea vikombe. Baadaye ikaja kampeni ya Ishi na ule msemo wake, "Usione soo, sema naye", uliozungumza na kijana kama mtu mwenye mdomo na akili. Wapo wazee waliokunja uso. Lakini nakumbuka ndiyo mara ya kwanza kusikia watu wa rika langu wakizungumza jambo lile kwa sauti ya kawaida bila kunong'ona.

Tatizo la kutisha watoto ni kwamba wana macho. Ukimwambia bangi mara moja tu inaleta kichaa, jioni anapita kijiweni anamkuta kaka anayevuta tangu enzi na enzi, asubuhi yuko kwenye daladala anaita abiria, mchangamfu kuliko wewe mwalimu. Hapo mtoto hasemi "Madam alitia chumvi kidogo." Anasema Madam ni mwongo. Siku utakapomwambia kwamba unga ni habari nyingine kabisa, au kwamba bangi kwa ubongo unaokua, hasa kwa familia zenye historia ya ugonjwa wa akili, ni hatari ya kweli, atakuwa ameshafunga masikio. Ukweli wetu mzito tumeutumia vibaya kwa kuuweka kwenye sahani moja na vitisho.

Perth si Mbagala

Sasa mashaka, maana ninayo.

Mfano unaotajwa sana kwenye mambo haya ni mradi wa SHAHRP wa Perth, Australia, ulioanza 1997. Uliwafundisha wanafunzi wa sekondari kuhusu pombe bila kujifanya kwamba hakuna anayekunywa: jinsi ya kurudi nyumbani salama, jinsi ya kumshughulikia rafiki aliyezidiwa, jinsi ya kutopanda gari la dereva mlevi. Ikilinganishwa na shule ambazo hazikufundishwa hivyo, waliofundishwa walipata madhara machache, na tofauti hiyo ilidumu hata pale pengo la kiasi cha kunywa lilipoanza kuziba.

Somo kama hilo lilipofanyiwa marekebisho na kujaribiwa upya katika shule 105 za Ireland ya Kaskazini na Scotland, matokeo yaliyotoka 2017 yalikuja upande wa pili: unywaji wa kupindukia ulipungua, lakini madhara ambayo wanafunzi wenyewe waliyataja hayakutofautiana. Kwa hiyo anayesema "tafiti zimethibitisha" anakwenda mbio kuliko tafiti zenyewe.

Halafu pale ni pombe, bidhaa halali, kwenye nchi ambako mtoto wa miaka 14 kuonja bia ya baba si habari. Darasa langu ni jingine. Wengi wao hawajagusa chochote, na wengi hawatagusa. Wapo wanaotoka kwenye nyumba ambazo hata soda inaombewa dua kabla ya kufunguliwa. Ninachokijadili hapa ni bangi, vidonge na unga, na sheria yetu ya 2015 haina mzaha navyo. Mwalimu akisimama kueleza biskuti ya bangi inapanda baada ya muda gani, je, hajamfunulia mlango mtoto ambaye hakujua kama kuna nyumba?

Mama mmoja aliniambia hivyo kikaoni, kwa heshima na kwa uchungu. "Mwalimu, wangu hajui hata kete ni kitu gani. Unataka umjulishe wewe?"

Sikumjibu kwa takwimu. Kwa mtoto wake, huenda yuko sahihi kabisa. Tunaotetea elimu hii tuna tabia ya kuwazungumzia wazazi kama watu wa zamani wasiojua dunia, wakati mama huyu anauza genge pembeni ya kijiwe na anaijua dunia hiyo kuliko mimi ninayeisoma kwenye majarida. Analolilinda ni lile kundi kubwa ambalo bado liko nje, na kuliacha huko ni kazi halali.

Ila mtoto wake anakaa dawati moja na watoto wengine wawili. Ndio nilimwambia habari zao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo la kumlaza ubavu mfundishe. Hayo ya biskuti sijui."

Nadhani mpaka aliouchora yule mama kwa sentensi mbili una akili kuliko miongozo mingi. Huduma ya kwanza kwa mtu aliyezima ni ya wote, haina haja ya kutaja dawa yoyote; inamfaa wa kifafa, aliyeanguka kwa jua kwenye mchakamchaka, aliyekula sumu ya panya. Mambo ya ndani, ya kipi kikichanganywa na kipi kinaua, yabaki kwa mwalimu wa unasihi na kwa wale wanaokuja wenyewe au wanaoletwa na wenzao. Najua kuna watakaosema huu ni mlango wa nyuma, kwamba nakwepa. Pengine. Lakini mlango wa mbele una kufuli, na huyu aliyezima hana muda.

Walijua, wakakimbia

Nilikuwa nimeridhika na mpango huo hadi nilipozungumza na kaka mmoja ambaye anatumia methadoni na sasa ni mwelimishaji rika mtaani kwetu. Nilikwenda kumwomba aje shuleni. Nikamweleza somo langu la kumlaza mtu ubavu, kwa majivuno kidogo.

"Madam, sisi hayo tulikuwa tunayajua," akasema.

Akanisimulia usiku mmoja wa zamani. Mwenzao alizidisha, midomo ikabadilika rangi. Walimlaza ubavu. Walimtafutia bajaji. Wakamfikisha hospitali, wakamshusha getini, wakakimbia. Kila mmoja alikuwa ameshasikia kwamba ukifika na mtu wa namna hiyo utaulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na PF3 maana yake kituo cha polisi, na kituoni wangeulizwa kete imetoka wapi.

"Nesi angemuuliza nani?" akaniuliza. "Wa getini alikuwa haongei. Sisi tuliokuwa tunajua kadunga nini, tulikuwa tumeshafika sokoni."

Ipo dawa, naloksoni, inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidisha heroini ndani ya dakika chache. Mhudumu hawezi kuwahi kuifikiria kama hakuna wa kumwambia anatibu nini. Maarifa yote ya wale vijana yaliishia kwenye geti.

Nikarudi shuleni nikafungua kanuni zetu. Mwanafunzi akikutwa na dawa za kulevya au ametumia, anafukuzwa. Akikutwa na waliotumia, naye anaitwa na mzazi, na mara nyingi anaondoka pamoja nao. Sasa fikiria mtoto aliyesimama nyuma ya choo saa saba mchana, mwenzake amelala chini anakoroma. Ofisi ya walimu iko hatua chache tu. Akija kutuita, anajua anakuja na watu wawili wa kufukuzwa, na mmojawapo ni yeye. Akikaa kimya, pengine mwenzake ataamka na mambo yaishe, funika kombe mwanaharamu apite.

Tumemfundisha hesabu, tusishangae akipiga.

Huyo aliyesema darasani kwamba unamkokota pasipo na watu hakuwa mjinga wa huduma ya kwanza. Alikuwa anaijua shule yetu. Nilikuwa nahangaika na somo gani tufundishe, kumbe watoto wanasomea kwenye kitabu cha adhabu.

Karatasi moja mezani kwa mkuu

Niliandika kipengele kifupi cha kuongezwa kwenye kanuni: mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa haadhibiwi kwa kukutwa pale, na aliyezidiwa anapelekwa hospitali, kisha kwa mwalimu wa unasihi, kabla ya kikao chochote cha nidhamu. Kuuza hakumo. Kuleta dawa shuleni kwa ajili ya wengine hakumo.

Mkuu wa shule aliusoma ule ukurasa taratibu. Huduma ya kwanza alikubali papo hapo, hata akataja kipindi cha Ijumaa. Kipengele akakisukuma mbele kidogo. "Madam, nikisaini hiki, wazazi watasema tumefungua geti."

Nikamkumbusha waraka wa Novemba 2021 uliowaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Miaka yote kabla ya hapo tuliambiwa ukimrudisha mmoja, darasa zima litabeba mimba. Wamerudi. Wasichana wetu wanasoma, na waliojifungua wanafanya mitihani kama wengine. Akasema hilo lilikuja na mhuri wa wizara, hiki kina mhuri wa mwalimu wa Baiolojia. Ana hoja. Kinakwenda kwenye bodi ya shule mwezi ujao, na kama bodi itakikataa, angalau kitakuwa kimekataliwa na watu waliokisoma.

Nilichokuwa nakihofia zaidi ni mwalimu wa nidhamu. Alikuja na ile karatasi wakati wa chai, ameikunja ndani ya daftari la mahudhurio, nikajiandaa kwa vita. Akakaa. Akauliza kama nimefikiria habari za hosteli. Kule saa nne usiku mlango wa bweni unafungwa kwa nje, funguo anazo patroni, na patroni analala upande wa pili wa uwanja. Simu kwa wanafunzi ni marufuku.

"Sawa, umemsamehe anayeita," akasema. "Usiku anamwita nani?"

Tumeongeza mstari wa pili: funguo ya akiba ikae na kiranja wa bweni, na kengele ndogo ifungwe dirishani kwa patroni. Fundi ametupa bei. Mwalimu wa nidhamu ndiye anayefuatilia.